Kugundua Maradhi ya Kongosho kwa Mbwa

Kongosho la mbwa ni kiungo laini, chembamba, chenye rangi ya waridi iliyopauka. Tawi lake la kulia hufuata utumbo wa mwanzo, ule unaopokea chakula kutoka kwenye mfuko wa chakula, na tawi la kushoto hulala nyuma ya mfuko huo. Ini na mfereji wa nyongo viko jirani kabisa, ndiyo maana kongosho likiugua, dalili zake hufanana na za jirani zake. Kazi zake ni mbili. Sehemu kubwa ya kongosho hutengeneza vimeng'enya vya kusaga chakula: lipasi kwa mafuta, amilasi kwa wanga, tripsini kwa protini. Visiwa vidogo vya seli vilivyotawanyika ndani yake hutengeneza insulini na homoni nyingine zinazotawala sukari ya damu.

Maradhi yake hufuata kazi hizo. Kuna mchochota wa kongosho, wa ghafla au wa muda mrefu, kuna upungufu wa vimeng'enya, kuna kisukari, na kuna uvimbe, mwingine wa saratani. Kila ugonjwa una njia yake ya kuchunguzwa. Katika kliniki nyingi za Afrika Mashariki, hata hivyo, kosa linalotokea mara nyingi si kusoma kipimo vibaya bali ni kutolifikiria kongosho kabisa. Mbwa anayetapika na kulegea huhesabiwa kuwa na homa ya kupe, hudungwa sindano, na uchunguzi huishia hapo.

Mchochota wa ghafla

Kwa kawaida kongosho hutoa vimeng'enya ambavyo havijaanza kazi. Huanza kazi vikifika utumboni. Katika mchochota, tripsini huanza kazi ikiwa bado ndani ya kongosho, na kiungo hujisaga chenyewe. Mafuta yanayokizunguka huungua, maji hujikusanya tumboni, na kwa mbwa aliyezidiwa, figo, mapafu na mfumo wa kugandisha damu huharibika pia.

Uchunguzi huanza kwa maswali, na maswali yenyewe yasiharakishwe. Mbwa alikula nini siku mbili tatu zilizopita? Baada ya Krismasi, Idi au harusi, mabaki ya nyama choma, ngozi za kuku na mafuta yaliyokwanguliwa sufuriani huishia kwenye bakuli la mbwa au jalalani anakojihudumia mwenyewe. Je, ni mnene? Ana kisukari, au tezi ya shingo iliyozorota? Anatumia dawa gani? Fenobabitoni na potasiamu bromidi zinazotolewa kwa kifafa, na azathioprini inayotuliza kinga ya mwili, zinajulikana kuhusiana na mchochota. Viuadudu vya kundi la organofosfeti navyo huchochea kongosho kupita kiasi, kwa hiyo mbwa aliyeramba dawa ya mimea au ya mifugo anaweza kuwa na matatizo mawili kwa mpigo. Mbwa wa aina ya Miniature Schnauzer huwa na mafuta mengi katika damu kwa urithi, na wamo katika hatari zaidi.

Mwaka 1998 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, walichapisha uchunguzi wa mbwa 70 ambao mchochota wao uliishia kwa kifo. Waliokuwa wamekataa chakula ni 91%, waliotapika 90%, waliokuwa dhaifu 79%. Waliobainika kuwa na maumivu ya tumbo walikuwa 58% tu, na walioharisha 33%. Takwimu hizo zinahusu wagonjwa mahututi. Mchochota mwepesi unaweza kuonekana kama siku moja ya kukosa hamu na hakuna zaidi. Zinachofundisha ni kwamba tumbo lisilouma halimwondolei mbwa shaka.

Hata maumivu yenyewe hutafutwa kwa ustadi. Mbwa husimamishwa, si kulazwa. Kiganja kimoja huwekwa kila upande nyuma ya mbavu za mwisho, na vidole hukandamiza taratibu kuelekea juu na mbele, hasa upande wa kulia. Mbwa mwenye maumivu mara nyingi halii. Hukaza ukuta wa tumbo, hugeuza kichwa kuutazama mkono, huacha kuhema kwa sekunde chache, au huanza kutembea aondoke. Nyumbani mwenye mbwa anaweza kuwa ameona jambo jingine: mbwa akilaza kifua na miguu ya mbele chini huku amenyanyua matako, akibaki hivyo kwa muda. Mkao huo huonyesha maumivu ya sehemu ya juu ya tumbo, ingawa hauonyeshi ni kiungo kipi. Pamoja na hayo hupimwa joto, mapigo ya moyo, rangi ya ufizi na kiasi cha maji mwilini.

Magonjwa yanayofanana nayo

Kabla ya kongosho kulaumiwa, mambo kadhaa huondolewa. Kwanza, kutapika kutofautishwe na kucheua: anayetapika huvuta tumbo kwa nguvu, anayecheua hudondosha chakula bila jitihada. Kucheua huelekeza kwenye umio, na katika eneo hili minyoo ya Spirocerca hujenga vinundu humo.

Kwa mtoto wa mbwa asiyechanjwa, parvo ndiyo ya kwanza kupimwa, kwa kinyesi. Kwa mbwa wa umri wowote kuna kitu kilichokwama, na gunzi la hindi ni mfano maarufu: halisagiki na halionekani vizuri kwenye eksirei. Kuna sumu. Kuna sumukuvu katika unga wa mahindi, inayoharibu ini na kumfanya mbwa atapike na kuwa manjano. Kuna leptospira, ambayo kwa binadamu nchini Tanzania imejulikana kama homa ya mgunda, nayo huleta kutapika, manjano na figo kushindwa. Ugonjwa wa Addison, wa tezi zilizo juu ya figo, huiga karibu kila kitu; potasiamu iliyopanda na sodiamu iliyoshuka ndizo huufichua. Na dawa za maumivu za watu, kama ibuprofeni na diklofenaki, huchoma mfuko wa chakula wa mbwa hadi kutoa damu. Mwenye mbwa aliyempa kidonge kimoja mara nyingi hasemi mpaka aulizwe bila kulaumiwa.

Babesia, kimelea kinachoenezwa na kupe, inahitaji neno la ziada. Utando mwembamba wa damu kwenye kioo chini ya hadubini huionyesha, na kiwango cha chembe nyekundu hushuka. Katika mchochota wa kongosho usio na mchanganyiko, kiwango hicho kwa kawaida hakishuki mwanzoni. Mara nyingi hupanda kwa sababu mbwa amekaukiwa maji. Tofauti hiyo ni ya bei nafuu na inafaa kutazamwa kila mara. Lakini madaktari wa Afrika Kusini wameeleza mbwa wenye Babesia rossi waliopata mchochota wa kongosho kama tatizo la pili, na kimelea hicho kimepatikana Afrika Mashariki pia. Mbwa aliyetibiwa babesia, damu yake ikawa safi, na bado anatapika na kukaza tumbo, hajamaliza kuchunguzwa.

Damu na vipimo vya lipasi

Picha ya jumla ya damu na kemia yake haithibitishi mchochota, ila huonyesha ukubwa wa madhara na huondoa magonjwa mengine. Chembe nyeupe huweza kupanda, chembe za kugandisha damu kushuka, vimeng'enya vya ini na bilirubini kupanda pale kongosho lililovimba linapobana mfereji wa nyongo, na kalisi kushuka. Mirija ya sampuli yenyewe itazamwe. Damu iliyoachwa isimame hujitenga, na seramu inayobaki juu ikiwa nyeupe kama maziwa ilhali mbwa hajala kwa saa 12, mafuta katika damu yake yamezidi na sababu ya mchochota huenda imepatikana. Seramu ya namna hiyo huvuruga vipimo vingine pia, hivyo maabara ielezwe.

Amilasi na lipasi za kawaida zilitegemewa kwa miaka mingi, na bado zimo kwenye fomu za maabara nyingi. Hazitoshi. Vimeng'enya vyenye majina hayo hutoka pia kwenye viungo vingine, na hupanda figo zikishindwa. Deksamethasoni, dawa inayodungwa ovyo katika mitaa mingi kwa kila mbwa aliyelala, inaweza kupandisha lipasi ilhali kongosho ni zima. Upande wa pili, mbwa mwenye mchochota wa kweli anaweza kuwa na viwango vya kawaida vya vyote viwili. Kwa hiyo amilasi iliyopanda kidogo isitumike kufunga mjadala.

Kipimo bora ni kile kinachotambua lipasi ya kongosho la mbwa peke yake, kifupi chake cPL, kilichotokana na kazi ya maabara ya magonjwa ya tumbo ya Chuo Kikuu cha Texas A&M. Katika kipimo cha Spec cPL, kiwango cha hadi mikrogramu 200 kwa lita huhesabiwa cha kawaida, 400 na zaidi hulingana na mchochota, na kilicho kati huachwa na shaka, mbwa akapimwa tena baada ya siku chache. Kliniki isiyoweza kutuma sampuli mbali inaweza kutumia kifaa cha SNAP cPL cha kampuni ya IDEXX, kinachotoa jibu papo hapo. Humo doa la sampuli hulinganishwa na doa la rejea: likiwa jepesi zaidi, kipimo ni cha kawaida, likilingana nalo au kuwa zito zaidi, si cha kawaida. Usomaji ufanyike penye mwanga wa kutosha, na pale madoa yanapokaribiana sana mtu wa pili aangalie bila kuambiwa jibu la kwanza.

Nguvu kubwa ya kifaa hicho ni katika kukanusha. Doa jepesi kwa mbwa anayetapika sana hufanya mchochota wa ghafla usiwe na uwezekano mkubwa, na daktari ageukie gunzi, sumu au Addison. Doa zito halina uzito uleule, kwa kuwa lipasi ya kongosho hupanda pia kwa baadhi ya mbwa wenye kitu kilichokwama au utumbo uliochafuka. Aliyepasua mbwa kwa kuchelewa, akakuta gunzi limetoboa utumbo kwa sababu kipimo kilisema kongosho, alikuwa na kipimo sahihi na hitimisho baya.

Picha na kipande cha nyama

Eksirei ya tumbo hupigwa hasa ili kutafuta kitu kilichokwama au utumbo uliotoboka. Dalili za mchochota kwenye picha hiyo, kama ukungu katika pembe ya juu kulia ya tumbo na utumbo wa mwanzo uliosukumwa pembeni, hukosekana mara nyingi: katika uchunguzi ule wa Pennsylvania eksirei ilibaini 24% tu ya wagonjwa, ultrasaundi 68%. Mashine za ultrasaundi zimeboreka tangu wakati huo. Kinachotafutwa ni kongosho lililonenepa na kuwa jeusi kuliko kawaida, likizungukwa na mafuta yanayong'aa, pengine na maji kidogo kandokando. Matokeo hutegemea mno mkono na jicho la mpimaji, na picha ya siku ya kwanza inaweza kuwa safi kabisa ilhali ya siku ya tatu inaonyesha kila kitu. Kurudia si kupoteza fedha.

Kuchukua kipande cha kongosho na kukitazama kwa hadubini ndiyo njia ya kuthibitisha, lakini hufanywa mara chache. Mbwa mgonjwa sana havumilii upasuaji, na mchochota hukaa madoadoa: kipande kimoja kinaweza kukatwa mahali pazima, sentimita chache kutoka palipooza. Kwa hiyo katika kazi ya kila siku utambuzi hujengwa kwa mambo manne yakiwekwa pamoja: historia, tumbo lililopapaswa, cPL na ultrasaundi. Yakikubaliana, inatosha. Yakipingana, historia na tumbo ndivyo vinavyostahili kuaminiwa kwanza.

Mchochota wa muda mrefu huwa mgumu zaidi kukamata. Mbwa hususia chakula siku moja, hutapika mara moja kwa wiki, kisha huonekana mzima. cPL inaweza kuwa kati, na ultrasaundi kuonyesha kovu au kutoonyesha kitu. Cocker Spaniel wa Kiingereza na Cavalier King Charles wamo miongoni mwa wanaopatwa zaidi. Dokezo zuri ni rekodi: mwenye mbwa akiandika tarehe za kutapika na alichokula mbwa siku iliyotangulia, baada ya miezi miwili mpangilio hujitokeza ambao kumbukumbu peke yake isingeutoa.

Upungufu wa vimeng'enya

Hapa mgonjwa ni tofauti kabisa. Anakula kwa pupa, hata kinyesi chake na takataka, na bado anakonda. Kinyesi ni kingi, laini, cha rangi ya manjano au kijivu, chenye mafuta na harufu kali. Manyoya hufifia, tumbo hunguruma. Dalili hizi hutokea baada ya zaidi ya 90% ya uwezo wa kutengeneza vimeng'enya kupotea, ndiyo maana huonekana kuja ghafla ilhali uharibifu ulianza zamani. Jamani Shepadi, mbwa anayependwa kwa ulinzi kuanzia Nairobi hadi Dar es Salaam, ndiye anayeongoza. Kwake seli za vimeng'enya hunyauka akiwa bado kijana, mara nyingi kati ya mwaka 1 na 4. Kwa mbwa wa makamo wa aina nyingine sababu huwa mchochota wa muda mrefu, na huyo anaweza kupata kisukari pia.

Walinzi wengi wa aina hii hupewa dawa ya minyoo mara tatu nne kabla ya mtu kuuliza swali jingine. Kinyesi kipimwe kwa minyoo na giardia, kwa kuwa ni rahisi na mara nyingi ndiyo jibu. Visipopatikana, kipimo cha kuagiza ni cTLI, kinachopima tripsini na mtangulizi wake katika damu. Mbwa afunge kula kwa saa 8 hadi 12, seramu itenganishwe. Kiwango cha mikrogramu 2.5 kwa lita au chini yake huthibitisha upungufu. Kati ya 2.5 na 5.7 mbwa hupimwa tena baada ya wiki kadhaa. Dawa ya vimeng'enya anayopewa kwa mdomo haivurugi matokeo, hivyo hakuna haja ya kuisimamisha. Figo zilizoshindwa hupandisha kiwango na zinaweza kuuficha ugonjwa. Vitamini B12 ipimwe sampuli hiyohiyo, kwa kuwa kongosho la mbwa ndilo chanzo kikuu cha protini inayosaidia kuifyonza, na mbwa asiyepewa B12 anaweza kuendelea kukonda hata akipewa vimeng'enya.

Njia za kizamani, kama kuweka kinyesi juu ya filamu ya eksirei ili kuona kama kitayeyusha utando wake, au kutafuta matone ya mafuta kwa hadubini, hukosea pande zote mbili. Zinaweza kumpa daktari wa mbali wazo, si uthibitisho.

Kisukari na sukari iliyoshuka

Uhusiano wa kongosho na kisukari ulibainika kwa mbwa: mwaka 1889, huko Strasbourg, Oskar Minkowski na Josef von Mering walimwondoa mbwa kongosho, naye akapata kisukari. Mbwa mwenye ugonjwa huu hunywa na kukojoa sana, hula vizuri na kukonda, na baada ya muda hupata mtoto wa jicho. Kiasi cha kunywa hupimika nyumbani: maji yapimwe kwa chombo chenye alama asubuhi, yaliyobaki yapimwe kesho yake. Zaidi ya mililita 100 kwa kila kilo ya uzito kwa siku ni nyingi kupita kawaida, yaani lita 2 kwa mbwa wa kilo 20. Kwa jike asiyehasiwa, usaha katika mfuko wa uzazi nao huleta kiu hiyohiyo, hivyo tumbo lake lichunguzwe.

Uthibitisho ni sukari iliyopanda katika damu ya mbwa aliyefunga, pamoja na sukari kwenye mkojo. Figo za mbwa huanza kuvujisha sukari ikifika takriban milimoli 10 hadi 12 kwa lita. Kijiti cha mkojo kipime pia ketoni. Zikiwepo na mbwa amelegea, hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo. Tahadhari mbili zinahusu mazingira yetu. Amitrazi, iliyomo katika baadhi ya dawa za kuogeshea ng'ombe ambazo watu huwapaka mbwa wao, huzuia insulini na kupandisha sukari. Zailazini inayotumiwa kumtuliza mbwa hufanya vivyo hivyo. Na mashine ndogo za sukari za binadamu kwa kawaida husoma chini ya kiwango halisi cha mbwa, kwa sababu sukari yake imegawanyika tofauti kati ya chembe nyekundu na maji ya damu.

Kinyume cha kisukari ni uvimbe wa seli za insulini. Mbwa wa makamo au mzee hutetemeka, huyumba au huanguka na degedege, hasa akiwa na njaa au baada ya mazoezi, kisha hupata nafuu akila. Sukari ikiwa chini ya milimoli 3.3 huku insulini ya sampuli hiyohiyo haijashuka, uvimbe huo unashukiwa sana. Hapa joto hudanganya: chembe za damu huendelea kula sukari ndani ya mrija, na sampuli iliyosafiri mchana kwenye pikipiki bila kutenganishwa itaonyesha sukari ya chini kwa mbwa mzima. Mrija wenye floraidi utumike, au seramu itenganishwe mara moja. Seramu ya cPL na cTLI hustahimili safari vizuri zaidi.

Saratani ya kongosho ni adimu na kwa kawaida hugundulika ikiwa imeshasambaa. Kinundu kinachoonekana kwenye ultrasaundi ya mbwa mzee si lazima kiwe saratani, kwa kuwa vinundu visivyo na madhara ni vya kawaida umrini humo. Sindano nyembamba ya kuchukua seli ndiyo hutofautisha.

Mbwa akifa bila jibu, maiti ifunguliwe siku hiyohiyo na daktari wa mifugo, au ipelekwe kwenye chuo chenye wataalamu wa patholojia ya wanyama, kama Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, au kampasi ya Kabete ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Iwekwe kwenye ubaridi, isigandishwe. Vipande kadhaa vya kongosho kutoka matawi yote mawili vitiwe katika formalini ya 10%, kwa kuwa kongosho ni miongoni mwa viungo vinavyooza kwanza, na likishaoza, hadubini haiwezi tena kutenganisha ugonjwa na uozo.